Nyumba za kale za Japani: Kawasaki au Shirakawa-go?
Kwa nauli na muda, makumbusho ya wazi ya Nihon Minka-en, Kawasaki, hayana mpinzani. Unapanda treni ya Odakyu kutoka Shinjuku, Tokyo, unashuka kituo cha Mukogaoka-Yuen, unatembea kidogo. Shirakawa-go iko milimani, mkoa wa Gifu. Hata ukianzia mji wa karibu, Takayama, basi huchukua karibu saa nzima.

Kwa aina za nyumba, Kawasaki tena. Tangu 1967 wamekusanya nyumba za wakulima kutoka mikoa mbalimbali, hata moja yenye paa la mwinuko mkali iliyotoka Shirakawa kwenyewe. Baadhi unavua viatu na kuingia. Wanaojitolea wakiwasha moto katikati ya sakafu, moshi hupanda, hukausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Nguo zitanuka moshi, wala usijali.

Ila humo halali mtu. Ogimachi, kijiji cha Shirakawa-go kilicho kwenye orodha ya UNESCO tangu 1995, watu wanaishi, wanalima mpunga, na majirani hushirikiana kuezeka. Kero yake ni umati wa watalii, hasa wakati wa theluji.

Mwenye siku moja tu Tokyo aende Kawasaki. Anayeweza kulala kijijini, mabasi ya watalii yakishaondoka, apande Shirakawa-go.