Vitabu vya Wangari Maathai: nimekwama kwenye ukurasa wa mugumo

Haya, karibuni tena wapendwa watazamaji. Leo mezani nina vitabu vya Wangari Maathai, na nimekuwa na hamu ya kurekodi hii wiki nzima. Nobel ya Amani ya 2004 mnaijua, Green Belt, lile vuguvugu lake la kupanda miti Kenya, mnalijua, sitarudia. Twende moja kwa moja kwenye hiki, Unbowed, cha 2006, anasimulia maisha yake mwenyewe.

Ngoja nisogeze huu ukurasa karibu na kamera... hapo. Ni mwanzoni kabisa, bado ni mtoto, kwao Ihithe, Nyeri. Anatumwa kuni, na mama anamwonya: kwenye ule mugumo, yaani mtini wa porini, usiokote hata kijiti, ule ni mti wa Mungu. Jirani na mti kuna kijito, na kijitoni kuna mayai ya vyura. Mtoto anadhani ni shanga! Anapitisha mikono chini yake polepole, anataka kuyainua ayavae shingoni, yanakatika, yanaponyoka. Sasa funua mbele. Amerudi kutoka masomoni Marekani. Shamba lina mwenyewe mwingine, mugumo umekatwa ipandwe chai. Kijito kimekauka. Hata chura hakuna.

Hapa ndipo anaponimaliza. Hakuishia kusikitika. Huyu ni mwanasayansi, anakueleza ilivyokuwa: mizizi ya mugumo huenda chini sana, hupenya mwamba mpaka kwenye maji ya ardhini, nayo maji hupanda kuifuata mizizi, na yakipata mahali udongo umelegea yanatoka. Ndiyo chemchemi. Mizizi hiyohiyo hushika udongo wa mlimani usiporomoke. Kumbe ule mwiko wa kina mama ulikuwa unalinda maji! Nao watu walipofundishwa kwamba kuuheshimu mti ni ushenzi, shoka likapata ruhusa. Niandikieni hapo chini: kwenu kulikuwa na mti usiokatwa? Bado upo?

Ukishauelewa ukurasa huu, hutauliza tena kwa nini 1989 alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, wala kwa nini Januari 1999 alikuwa kwenye msitu wa Karura, Nairobi, anapigwa kichwani mpaka damu kwa sababu ya miche aliyokwenda kupanda. Ndiyo maana vitabu vya wanasiasa vinavyotoka uchaguzi ukikaribia vinanichosha. Kurasa na kurasa za nani alimsaliti nani, mto hata mmoja hautajwi.

Kabla sijasahau, Jumamosi tuko laivu saa tatu usiku, tunasoma pamoja sura ya Karura. Bonyeza kengele usikose.

Sasa The Challenge for Africa, 2009. Sura ya kwanza ni moto: yuko hotelini Yaoundé, Kameruni, anamwona mama analima kwenye mteremko, matuta yanashuka na mlima badala ya kuukinga. Mvua ikija, udongo wote unaondoka. Na hakuna aliyemfundisha yule mama! Katikati panakuwa pazito, misaada, madeni, hoja zinarudi zilezile, na nilikuwa niwaambie mruke. Hapana, msiruke. Anapowageukia viongozi wetu wenyewe badala ya kuwalaumu wakoloni peke yao, anasema waziwazi mambo ambayo wengi wanayanong'ona tu. Kadiri ninavyokirudia ndivyo ninavyokipenda.

Replenishing the Earth cha 2010 ni cha imani na mazingira, Biblia na Mlima Kenya, mlima mtakatifu wa Wakikuyu, vinakaa pamoja. Kisome polepole, hasa kama unaongoza vijana kanisani au msikitini.

Bei? Nakala mpya zinauma, na inaniudhi kwamba mwanafunzi wa Nyeri kwenyewe atashindwa kuinunua hadithi ya Nyeri. Pitia kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, au uliza maktaba. Ukiwa na hela ya kimoja tu, chukua Unbowed.