Nembo ya asali yangu: uzoefu wangu na mbunifu wa Nasser Road

Nauza asali hapa Arua, Uganda. Naichukua kwa wafugaji wa vijijini, naichuja mwenyewe, naitia kwenye chupa za nusu kilo na za kilo moja.

Nembo yangu ya kwanza ilinigharimu shilingi 40,000 na ikaja kwa WhatsApp siku ya pili: nyuki mnene anayeng'aa ndani ya sega la dhahabu, na korongo wa taifa nyuma yake. Kwenye simu ilipendeza sana. Kwenye chupa, dhahabu ikageuka rangi ya matope na nyuki akawa doa. Rangi za simu ni mwanga, za mashine ya kuchapa ni wino, na mimi sikuambiwa. Nilipotaka bango la duka ile picha ikavimba na kufifia, na nilipomwomba mbunifu faili bora akasema hana nyingine. Halafu nikamkuta nyuki yuleyule kwenye chupa za mwenzangu, sokoni hapahapa. Siku hiyo niliumia kweli, maana wateja walikuwa wanatuchanganya.

Nikapanda basi la usiku hadi Kampala, nikaenda Nasser Road kwenye wachapaji. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye chumba kidogo ghorofani. Bei yake 350,000, nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha. Hakugusa kompyuta. Aliniuliza, "Mama, hii nembo itakaa wapi?" Nikamtajia: chupa, mfuniko, mhuri wa risiti, bango, jaketi la bodaboda wetu. Akaandika yote. Kisha akaishika chupa yangu akaielekeza dirishani. "Asali yenyewe ni ya njano. Stika ya njano juu yake nani ataiona?" Miaka minne nauza asali, sikuwahi kuliwaza hilo.

Alinishauri pia nianze na jina: nilitafute URSB, ofisi ya serikali inayosajili majina na alama za biashara, kabla hajachora chochote, nisije nikapenda jina lenye mwenyewe. Asali iko daraja la 30, yaani kundi lake la bidhaa kwenye alama za biashara, na usajili wa kwanza unadumu miaka 7, ukihuishwa ni miaka 10 kila mara. Nilienda, nikakuta jina liko huru.

Alichochora ni mzinga wa gogo, ule wa kwetu, unaoning'inia mtini kwa kamba mbili. Basi. Hakuna nyuki, hakuna sega. Mweusi juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Aliuchapa mdogo kama sarafu, akaubandika ukutani, akaniambia nirudi nyuma hadi mlangoni. Nikauona vizuri, ila nikamwambia ukweli: naona ngoma. Hakukasirika. Akaongeza tundu la nyuki upande mmoja na kamba akazirefusha, na ngoma ikapotea palepale.

Mwisho nikapewa faili za vekta, ambazo zinakuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuchakaa, toleo la rangi moja kwa ajili ya mhuri, namba za rangi za kumpa mchapaji yeyote, na karatasi yenye sahihi zetu wawili kwamba mchoro ni mali yangu. Ukienda kwa mbunifu yeyote, usimalizie malipo kabla ya hivyo vitu.

Lawama ninayo. Alisema siku 10, zikawa wiki tatu, na simu hapokei mchana. Marekebisho ni mawili tu, la tatu unalipia. Na stika za kwanza alizonisaidia kuchapisha zilikuwa za karatasi ya kawaida. Asali ikidondoka zinalowa na kuchanika. Dai za plastiki tangu mwanzo, hata kama zinazidi bei kidogo.

Wateja wangu wanaovuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, hawasomi jina langu siku hizi. Wanaonyesha kidole rafuni, "Mama, nipe ile ya mzinga." Mwezi ujao nampelekea kijana kazi ya kopo la nta.