Uzoefu wangu na seti ya kupimia cAMP: rangi ikififia, usiogope

Nimeshamaliza sahani tatu (zile za maabara zenye vishimo vidogo vya sampuli) za seti hii, na naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeponzwa na karatasi ya maelekezo.

Nilikuwa nachunguza adenili saiklesi, kimeng'enya cha kwenye utando wa seli kinachogeuza ATP, molekuli ya nishati, kuwa cAMP pale homoni inapobisha hodi. Homoni yangu hubaki nje. Habari ndani hupelekwa na cAMP, mjumbe wa pili baada ya homoni. Seti haikigusi kimeng'enya chenyewe, inamhesabu mjumbe tu.

Sahani ya kwanza ilinitoa jasho. Vishimo vya foskolini, ambayo huamsha kimeng'enya bila kupitia kipokezi, vilitoka kama maji matupu, na vile visivyotiwa kitu vikawa njano kali. Nikadhani nimechanganya safu. Kumbe cAMP ya sampuli inagombea kingamwili na cAMP ya seti yenye kutoa rangi, kwa hiyo yako ikizidi, rangi inafifia. Hilo limeandikwa wazi. Nilisoma juu juu.

Ya pili ndiyo iliyopunguza nyota. Nilitumia homoni peke yake, na hakukuwa na tofauti yoyote na seli zilizoachwa hivihivi. Siku mbili nzima naishuku homoni, mara nazishuku seli. Mchawi alikuwa fosfodiesterasi (kimeng'enya kingine), inayovunja cAMP kuwa AMP ya kawaida. Usipoizuia, unapima maji ya ndoo iliyotoboka. Kinga yake ni IBMX (ndugu wa kafeini, na siku ile nilizihitaji zote mbili), nayo karatasi imeitaja mara moja tu, eti ni hiari. Hiari gani hiyo?

Sahani ya tatu niliitanguliza IBMX kabla ya homoni. Tofauti ikaonekana kwa macho hata kabla ya kusoma kwenye mashine, na vishimo pacha vikakaribiana vizuri. Nimependa pia kwamba seli zinapasuliwa kwa asidi ya HCl 0.1 M, inayozima vimeng'enya papo hapo. Sampuli zikiwa hafifu, kuna hatua ya kuasetilisha, yaani kuibandika cAMP kikundi cha asetili ili ishikwe vizuri zaidi na kingamwili. Vifanyie hivyo na viwango vyako (vile vya kulinganishia, vyenye cAMP ya kiasi kinachojulikana), siyo sampuli pekee.

Anayefuatilia fosfolipesi C, kimeng'enya cha njia nyingine ya ujumbe, asiinunue. Wajumbe wake, IP3 na DAG, seti haiwaoni kabisa, na wa guanili saiklesi, inayotengeneza mjumbe cGMP, atafute seti ya cGMP.