Kupiga picha za nebula na galaksi ukiwa karibu na ikweta: ununue kipi kwanza

Maunti yangu ya kwanza, yaani kile kichwa cha stendi kinachozunguka kufuata nyota, niliitoa mjini hadi Kisarawe nikiwa na hamu kubwa. Ncha ya kusini ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, kwa mtu wa Dar es Salaam iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, na mhimili wa maunti lazima uelekee hapo. Nikazungusha bolti ya kuinamisha. Kipimo cha ubavuni kikafika 10, bolti ikagoma. Ilinibidi nichimbe shimo chini ya mguu wa stendi wa upande wa kusini ili mashine nzima iiname, na hata hapo chuma cha mawe ya mizani kikawa kinagonga mguu wa stendi. Duka lililoniuzia halikunitajia jambo hilo, nami sikujua kuuliza. Saa nane usiku nilifunga vyombo bila picha hata moja.

Karibu kila mwongozo wa ununuzi unaopatikana mtandaoni umeandikwa na mtu anayeishi latitudo ya nyuzi 40 au 50 kaskazini. Ushauri wake ni sahihi kwake. Sisi tuko pengine: Dar nyuzi 6.8 kusini, Mombasa 4, Nairobi 1.3, Kampala imeuvuka mstari kidogo tu. Nyota ya Kutubu, wanayoitumia wenzetu wa kaskazini kuweka mhimili sawa kwa dakika tano, Dar na Nairobi haionekani kabisa. Ya upande wa kusini inayoshika nafasi yake ni hafifu mno, na kwetu imezama kwenye vumbi na mvuke wa upeoni. Kwa hiyo orodha yangu haifanani na zao. Bei ninazotaja ni za makadirio, kwa dola, kabla ya usafiri. Ongeza VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania au 16 kwa Kenya, na ushuru wa forodha uulizie kabla hujalipa.

Nafasi ya kwanza: darubini janja ndogo

Kwa mtu anayeanza hapa kwetu, nunua Seestar S30. Ikiwa mfuko unaruhusu na unapenda vitu vidogo vya angani, chukua S50. Zote ni za ZWO. Ni boksi moja lenye lenzi, kamera, mota, betri, kichujio cha kupunguza mwanga wa mji na kipasha joto cha kuzuia umande. Unaiweka chini, unafungua programu kwenye simu, inapiga picha ya anga, inatambua yenyewe nyota inazoziona, kisha inakwenda ulikoiagiza. Haihitaji ncha ya anga. Shimo langu la Kisarawe halina kazi hapo.

S50 ilitoka mwaka 2023 kwa takriban dola 500. Lenzi yake ina kipenyo cha milimita 50, na urefu wa fokasi, unaoamua kitu kitatokea kikubwa kiasi gani kwenye picha, ni milimita 250. S30 ilifuata kwa takriban dola 350, lenzi milimita 30, fokasi 150. Watu hudhani namba kubwa ndiyo bora. Angalia kwanza eneo la anga linaloingia kwenye fremu: S50 inaona takriban nyuzi 1.3 kwa 0.7, S30 nyuzi 2.1 kwa 1.2. Mwezi mpevu ni nusu nyuzi, utumie kama rula. Nebula ya Carina, wingu la gesi linalong'aa angani, ambayo Ulaya hawaioni kabisa na sisi tunaipata kila mwaka, ina upana wa nyuzi 2 hivi. Kwenye S30 inakaa vizuri, kwenye S50 inakatwa pande zote. Lakini Omega Centauri, lile kundi la mamilioni ya nyota lililosongamana kama punje za mchanga, lina nusu nyuzi na ushei, na hapo S50 inakupa nyota zilizochanuka zaidi. Galaksi ya Centaurus A, hivyo hivyo.

Dwarf 3 ya Dwarflab ni mshindani wa kweli. Ni nyepesi, kilo 1.3, na fremu yake ni pana kuliko ya S30. Ningeiweka sawa na S30 na kumwachia mnunuzi achague kwa bei atakayoipata.

Sasa jambo ambalo mnunuzi wa kwetu lazima alijue. Darubini hizi hupanda na kushuka, kulia na kushoto, kama shingo ya mtu. Anga lenyewe linazunguka kwa mshazari, kwa hiyo picha inajipinda polepole ndani ya fremu, na kasi ya kujipinda huwa kubwa kadiri unavyokaribia ikweta. Kitu kilichoko kusini au kaskazini kamili kinajipinda kwetu mara 1.6 ya kinavyojipinda London kikiwa kwenye kimo hicho hicho. Nimeikokotoa kwa Carina ikiwa juu kusini mwa Dar: kwa picha ya sekunde 30, nyota za pembeni mwa fremu huvutika pikseli 3, zikawa kama punje za mchele. Kwa sekunde 10 huvutika pikseli 1 tu, na hutaliona kwa macho. Kwa hiyo ukielekea kusini au kaskazini, weka sekunde 10.

Upande wa mashariki na magharibi ni neema tupu, kwa sababu huko kujipinda kunakaribia sifuri. Nebula ya Jabari (Orion), jioni za Desemba, inapanda kutoka mashariki karibu wima kabisa, na unaweza kupiga sekunde 30 mfululizo kwa saa tatu bila kasoro. Ikikaribia utosini, acha. Mota haziwezi kugeuka haraka kiasi hicho. Subiri ishuke magharibi uendelee.

Kuna watu watakuambia uziweke darubini hizi kwenye hali ya ikweta, yaani mhimili wake uelekee ncha ya anga, ili kuondoa kujipinda. Kwa latitudo zetu maana yake ni kukilaza chombo karibu ubavu, kikining'inia nje ya stendi yake. Upepo wa kusi ukivuma kidogo, kimekwenda chini. Ukiamua kufanya hivyo, stendi iwe nzito na mfuko wa mchanga uwe katikati yake.

Nafasi ya pili: kamera na kifuatilia nyota

Hii ni kwa aliye tayari na kamera ya lenzi za kubadilisha. Kifuatilia nyota ni mota ndogo inayoigeuza kamera nyuzi 15 kwa saa, sawa na dunia inavyozunguka. Star Adventurer GTi ya Sky-Watcher inabeba kilo 5 na inatafuta vitu yenyewe. Lenzi inayopendwa kuliko zote kwenye kazi hii ni Samyang ya fokasi ya milimita 135, f/2. Kwa seti hiyo unapata nyota ya Antares na mawingu yake ya rangi kwenye kundinyota la Nge katika fremu moja, au Wingu Kubwa la Magellan likijaza picha. Darubini janja haiwezi kukupa upana huo.

Kikwazo ni mhimili ule ule. Kidarubini cha kutafutia ncha kinachokuja ndani ya boksi huku kwetu hakina msaada, kwa hiyo kwenye bajeti ingiza kamera ndogo ya kuongozea na kompyuta mpakato yenye programu ya NINA, ambayo ni ya bure. Ina nyongeza inayopiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, ikapima mhimili ulikoelekea na kukuambia uzungushe bolti ipi, kiasi gani. Asiye na kompyuta atumie dira ya simu na kipima mteremko, kisha apige sekunde 30 badala ya 120. Kwa lenzi ya milimita 135 unaweza kuishi na hilo.

Kamera za mtumba zinapatikana, na Canon 600D ni chaguo zuri la bei nafuu. Ukienda Kariakoo au popote wanapouza, nenda na tochi. Fungua lenzi, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa lenzi zilizokaa pwani ni jambo la kawaida. Usinunue hata kwa nusu bei. Kisha ziba lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 1600, ukuze picha: nukta chache nyekundu na bluu ni kawaida, mamia yake ni kihisio (sensa ya kamera) kilichochoka.

Ujue pia kwamba kamera za kawaida zina kichujio cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni wa nanomita 656, ambao ndio rangi ya nebula nyingi. Kuna mafundi wanaokitoa. Usikimbilie. Galaksi, makundi ya nyota na Mawingu ya Magellan hayahitaji hilo.

Ya tatu: kamera na stendi tupu

Haina mota, haina mhimili. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/2.8, picha za sekunde 3, mara 800. Hizo ni dakika 40 za mwanga, na zinatosha kuitoa Carina kuwa nyekundu na Kilimia kuwa na ukungu wake wa bluu, mradi uwe mbali na mji. Kila baada ya dakika chache unaigeuza kamera kidogo kumfuata mlengwa. Ni kazi ya mkono na uvumilivu, lakini nimeona vijana wakitoa picha nzuri kwa kamera ya kuazima. Mwenye kamera tayari aanzie hapa kabla hajatoa senti.

Ya nne: mfumo kamili

Hapa bei inaruka: dola 3,000 kwenda juu. Ukifika huku, sahau maunti nzito za kizamani kama yangu na uchukue za gia hamoniki, aina ya gia ndogo yenye nguvu. AM5 ya ZWO ina kilo 5, inabeba kilo 13 bila mawe ya mizani, na inainama mpaka nyuzi 0. Kwa mtu wa Nairobi au Kampala hiyo sifa ya mwisho pekee inatosha kuichagua. Juu yake weka darubini ya lenzi ya milimita 60 hadi 80, isizidi.

Kamera ya kupozwa kama ASI533MC Pro hushusha joto la kihisio nyuzi 35 chini ya joto la hewa. Usiku wa Dar wenye nyuzi 28 utaipata kwenye 7 chini ya sifuri, na chenga kwenye picha hupungua mno. Kwa anayepiga akiwa mjini, kichujio cha bendi mbili kinachopitisha haidrojeni na oksijeni tu kitamsaidia kwa nebula. Kwa galaksi hakisaidii, maana mwanga wake umeenea rangi zote.

Usichonunua

Darubini za dukani zilizoandikwa "mara 525" kwenye boksi, na darubini kubwa za kioo za milimita 200 kwa mtu anayeanza. Za kwanza ni hasara tupu. Za pili ni nzuri kwa macho, ila kwa picha zinadai maunti nzito, na upepo wa Juni hadi Septemba huzishika kama tanga.

Kusafisha picha

Usinunue programu yoyote mwaka wa kwanza. Siril ni ya bure, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na ndiyo ninayoitumia kila wiki. Kwenye Seestar, washa kwanza mpangilio wa kuhifadhi kila picha moja moja, vinginevyo utabaki na ile picha moja iliyokwisha kurundikwa na darubini yenyewe.

Mfano, nebula ya Lagoon, dakika 90 za picha za sekunde 10. Nazipitia na kutupa zenye wingu au nyota zilizovutika, hubaki kama 450. Siril inazirundika moja juu ya nyingine ziwe picha moja. Tokeo la kwanza ni jeusi tii na linakatisha tamaa. Lisikutishe, mwanga umo ndani. Kabla ya kugusa rangi, naondoa mwanga wa mji uliopanda kutoka pembe ya chini kwa GraXpert, nayo ya bure. Kisha nasawazisha rangi kwa nyota zenyewe, ndipo navuta histogramu, yaani kung'arisha sehemu hafifu za picha, kidogo kidogo, mara nne au tano, nikitazama kitovu cha nebula kisiungue. Ukivuta kabla ya kuondoa mwanga wa mji, doa la rangi ya chungwa litavutika nalo na hutalitoa tena.

Chenga hupungua nusu kila unapozidisha muda mara nne. Dakika 90 zikiwa na chenga, dawa ni saa sita, usiku mbili tatu za kitu kimoja. Hakuna kitufe cha programu kinachofikia hapo.

Vitu vidogo

Boksi lisiloingiza hewa na pakiti za silika kwa kila anayeishi pwani. Pawa benki ya pili. Tochi nyekundu. Na ukitoka mjini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe na uwaonyeshe watoto Mwezi kabla hujaanza kazi. Usiku utapita kwa amani.

Muda wa kuagiza nao ni sehemu ya ununuzi. Ukilipa Februari au Machi, mzigo una nafasi ya kuvuka forodha wakati wa masika, ambapo usingeona nyota hata hivyo. Mwisho wa Juni, saa nne usiku, Nge atakuwa amepanda juu kabisa, hewa ni kavu, na Lagoon iko mashariki yake ikikusubiri.