Mwendokasi wa Dar es Salaam kwa mizani ya hewa ukaa

Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo wakazi wote huyaita mwendokasi, yamekwisha kupimwa mara nyingi kwa nauli, kwa foleni na kwa kubanana. Hapa nayapima kwa kigezo ambacho abiria wachache hukiulizia: je, yanalipunguzia jiji gesijoto kwa kiasi kinacholingana na fedha na ardhi iliyotumika? Kwa maoni yangu yanapunguza, ila sifa kubwa inastahili kwenda kwa barabara yake kuliko kwa mabasi yenyewe.

Awamu ya kwanza, inayotoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ina urefu wa kilometa zipatazo 21, na ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mabasi yaliyoianza yalikuwa ya dizeli, na kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, iwe imetiwa kwenye mwendokasi au kwenye Coaster ya Mbezi. Tofauti iko katika kazi inayofanywa na lita hiyo. Basi refu la mita 18 hubeba abiria wapatao 150 katika njia lisiyogombea na gari jingine, ilhali daladala yenye robo ya abiria hao hukaa kwenye foleni injini ikinguruma na magurudumu yametulia.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na asimame kituo cha Magomeni Mapipa. Sakafu ya kituo iko usawa mmoja na sakafu ya basi, kwa hiyo mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo hukanyaga ndani bila kupanda ngazi. Milango hufunguka kwa pamoja, na kwa kuwa nauli imelipwa kabla ya kuingia, hakuna konda anayetafuta chenji mlangoni. Basi huwa limekwisha kuondoka wakati daladala ya ng'ambo ya barabara bado inaita abiria wa mwisho. Sekunde hizo, zikijumlishwa kwa vituo vyote na kwa siku nzima, ni mafuta yasiyochomwa. Sishangai kwamba mwaka 2018 Dar es Salaam ilikuwa jiji la kwanza la Afrika kupewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Udhaifu unaanza pale mabasi yanapokuwa machache kuliko abiria, jambo ambalo limelalamikiwa hadharani kwa miaka mingi. Abiria aliyechoka kusubiri hachelewi kupanda bodaboda, na mwenye gari aliyeanza kushawishika hurudi kwenye usukani wake, na hapo akiba yote ya hewa ukaa hupotea. Karakana nayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi linalojaa maji kila mvua kubwa inaponyesha, hata huduma ikalazimika kusitishwa zaidi ya mara moja. Kwa mradi unaosifiwa kwa kulinda tabianchi, uchaguzi huo wa kiwanja ni vigumu kuutetea.

Kuhusu nishati, njia ya Mbagala imeletewa mabasi ya gesi asilia, ambayo Tanzania inayo kutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Ni hatua, lakini nadhani ni fupi mno: moshi wa gesi una hewa ukaa pungufu kuliko wa dizeli, ila methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja njiani, faida hiyo huliwa upesi, kwa kuwa methani hunasa joto kwa nguvu kubwa zaidi. Nchi yenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 za umeme wa maji, na ambayo tayari inaendesha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, haina sababu nzito ya kuuacha umeme nje ya mabasi yake.

Swali la nani aamue hayo si jepesi. Wakala wa mabasi uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na tangu iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ivunjwe mwaka 2021 na Ilala kupandishwa hadhi, mji huu una halmashauri tano zisizo na meza moja. Hata hivyo, halmashauri hizo zinaweza kufanya kazi ndogo yenye tija: kuweka taa na vivuko salama kuelekea vituoni, na kuziondoa bodaboda kwenye njia za waenda kwa miguu kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Kwa mwenye gari anayeishi Ubungo au Magomeni na kufanya kazi Posta, ninaipendekeza huduma hii, akianza na safari za baada ya saa nne asubuhi. Kwa anayeishi ndani kabisa, mbali na barabara kuu, bado siwezi kumshauri auze gari, mpaka mabasi madogo ya kumleta kituoni yawe ya uhakika.