Steshenari "wanaopima asilimia": jalada zuri, ila tasnifu yangu wameniharibia

Jamani, kama una tasnifu mkononi na unataka kuipitisha Turnitin (programu inayolinganisha kazi yako na kazi nyingine kutafuta maneno yanayofanana) kabla ya kukabidhi, soma hii kwanza. Jina la steshenari silitaji; ni moja ya zile za nje ya geti la chuo.

Mwanzo nilifurahi. Ripoti ilitoka kijani, yaani kufanana ni kidogo, asilimia 14, na nyingi zilitokana na orodha ya marejeo ambayo hawakuiondoa kwenye hesabu. Nikalipa, nikashukuru, nikakabidhi idarani. Baada ya muda msimamizi ananiita. Ripoti ya chuo ni nyekundu mwanzo mwisho, chanzo namba moja: kazi ya mwanafunzi. Hadi ukurasa wa shukrani umepakwa rangi! Yaani shukrani kwa mama yangu mzazi nazo nimeziiba?

Kumbe kijana wa steshenari aliipakia kazi yangu ikahifadhiwa humo Turnitin, wakati kuna sehemu ya kuchagua isihifadhiwe. Ikishahifadhiwa, ukiipitisha tena inafanana na yenyewe. Programu haijui mwizi ni nani, inatafuta maneno yanayofanana, basi. Wazo la mtu nimeliwekea jina na mwaka, nilipomnukuu neno kwa neno nimetia alama za kunukuu na ukurasa. Haikunisaidia kitu.

Nikarudi pale. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Dada, sisi tunapima tu. Kalalamike chuoni." Nikamuuliza, hiyo akaunti ni ya nani? Akawasha mashine ya kutoa kopi, ikaanza kunguruma, na mimi nimesimama pale kama mdai.

Nisiwanyime haki yao: kuchapa wanajua, na jalada gumu wanalitengeneza vizuri, herufi za dhahabu zimenyooka. Bei nayo si mbaya. Kwa hayo ningewapa nyota tatu, labda hata nne. Lakini nikikumbuka nilivyokaa mbele ya msimamizi (mzee mwelewa, Mungu ambariki) nikijieleza kwamba mimi ndiye mimi, nasema moja, na hiyo moja ni ya yule dada anayebandika majalada.

Na kufuta sasa! Si mimi wala msimamizi wangu anayeweza kuomba kazi ifutwe. Ombi linatakiwa litoke upande wa akaunti iliyoipakia. Nikiuliza mwenye akaunti naambiwa ni bosi. Bosi yuko wapi? Katoka.