Fundi fremu wa Mwanga hakukata pambizo

Kama una picha za zamani za viumbe wa majini na uko Kigoma, mpelekee mzee mwenye kibanda cha fremu nyuma ya soko la Mwanga. Nafundisha baiolojia, na nilitaka mbili za maabara: ngisi wa kina kirefu kutoka safari ya Valdivia, meli ya utafiti ya Kijerumani, na konokono wa ziwa letu kutoka kitabu cha 1903 cha J. E. S. Moore, mwanabaiolojia Mwingereza.

Steshenari ya kwanza iliniharibia. Kijana alikoleza rangi "ipendeze", akakata pambizo ngisi ajae karatasi. Namba za michoro zikaenda na mkasi, na bila namba huwezi kurudi kwenye maelezo kujua mnyama amekuzwa mara ngapi. Iliniuma. Valdivia, chini ya mwanazuolojia Carl Chun, ilisafiri 1898 hadi 1899, ikafika hata Dar es Salaam, na ilibeba mchoraji wake, Fritz Winter, kwa sababu mnyama akishatiwa kwenye spiriti rangi yake hufifia. Rangi ile ndiyo ushahidi wenyewe.

Mzee alivaa miwani, akaelekeza ncha ya penseli kwenye vidoa vya mgongoni mwa ngisi, vidogo kama uwele. "Mwalimu, hivi ni vyake au uchafu wa mashine?" Nikamweleza ni vifuko vya rangi, ngisi huvitanua na kuvibana kubadili sura yake. "Basi hapa hagusi mtu." Akanipeleka kwa jirani yake anayeprinti, akasimama naye mpaka nakala ya tatu, vidoa vikaonekana kimoja kimoja.

Konokono ndio kipenzi changu. Moore aliamini Tanganyika liliwahi kuungana na bahari, akawalinganisha na visukuku vya zama za Jura, enzi za dinosaria. Hoja ilianguka, lakini wanyama wale wamo ziwani hadi leo. Mwanafunzi wangu wa Katonga alimwona mmoja wao, Tiphobia, na miiba yake, akasema: "Huyu huja na nyavu za baba."

Nililipa shilingi 38,000 kwa zote mbili. Aliahidi siku nne, zikawa tisa. Kamba ya nyuma ni dhaifu, nimeweka waya mwenyewe, na kioo kinameremeta sana jua la asubuhi likiingia dirishani.

Picha ya tatu, ya yavuyavu wa ziwani, nilimpelekea Jumatatu.